Vipimo vya Mtu Asiyekuwepo

3 Machi

Bobini mwanangu,

Kitambaa kimefika, vipimo vimefika, na barua yako ya mistari minne imefika. Mwenye vipimo ndiye hajafika, kwa sababu hayupo.

Ngoja nikueleze, na ukiona nimekosea unisahihishe, maana wewe umesoma na mimi shule niliiaga darasa la sita mwalimu akiwa bado anasubiri majibu. Umeandika hivi: "Baba, mshonee rafiki yangu suti. Ni mtu mzima kidogo. Anaihitaji mwezi wa sita." Vizuri. Jana nikatandika karatasi mezani, nikanoa chaki, nikaanza kumchora rafiki yako. Kifua arobaini, sawa. Mkono ishirini na nne, sawa. Upana wa mgongo kumi na nane, upana wa kifua kwa mbele kumi na nne na nusu. Hapo nikasema, aha, huyu bwana ameinama kidogo, mabega yanamjia mbele kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Si dhambi. Aliyeinama, ukimpima kutoka shingoni kwenda kiunoni, utepe hupanda kilima kisha hushuka, kwa hiyo mgongo wake huwa mrefu. Nikatafuta urefu wa mgongo kwenye karatasi yako. Kumi na saba. Mgongo wa askari wa gwaride.

Nikaleta mgongo na mbele vikutane ubavuni. Vikakataa. Nikarudia, vikakataa tena. Mtu wako kwa upana ni mzee, kwa urefu ni kijana. Nimeshona miaka thelathini na tisa, nimewavalisha wenye vibiongo na wenye vitambi, na bwana harusi mmoja niliyempima akiwa amelala kwa ulevi, lakini mtu wa namna hii sijawahi kumvalisha.

Basi nikaipeleka karatasi dirishani, nikaishika kwenye mwanga. Chini ya hiyo kumi na saba kuna namba iliyofutwa kwa raba. Kumi na tisa na robo.

Wewe umekulia chini ya meza hii. Ulizijua inchi kabla ya kujua kuandika jina lako. Kwa hiyo hukukosea, umeficha. Na katika kuficha umelisahau bega: la kulia limeshuka robo tatu ya inchi, na hilo umeliacha kama lilivyo. Bega la namna hiyo hupatikana kwa kubeba kitu kizito mkono wa kulia miaka thelathini. Mtu akianza kubeba ana ishirini na mitano, hesabu yangu inafika hamsini na tano hata sijavuta pumzi.

Maswali yangu ni mawili. Ana miaka mingapi? Na ni rafiki wa namna gani huyu ambaye binti yangu amempima mpaka ndani ya paja?

Simu usipige. Masikio yangu unayajua. Nikishika simu mtaa mzima hupata habari, na yule muuza vioo wa jirani huzima redio yake ili asikilize vizuri.

Mimi baba yako,
fundi wa watu waliopo


11 Machi

Baba,

Shikamoo.

Nilijua utaona. Nilifuta huku nikijua utaona, na hata sasa sijui kwa nini nilifuta.

Ana miaka sitini na mitatu.

Nimeiacha hiyo peke yake kwenye mstari ili uisome vizuri. Kunywa maji, halafu endelea.

Ni fundi wa lifti. Jengo letu lina ghorofa tisa, maabara yetu ya meno iko ya tano, na lifti zote mbili ni za zamani, kwa hiyo yeye haishi kuja. Bega umelipatia: sanduku la vifaa, mkono wa kulia, miaka thelathini na sita. Miaka miwili iliyopita spana ilimponyoka ikamvunja meno matatu ya chini. Daktari akaniletea chapa ya kinywa chake kwa plasta, nikamtengenezea meno. Yakakataa kukaa. Wagonjwa wengine wakirudishwa hurudi wanafoka. Yeye alirudi mara nne, na kila mara aliomba radhi kana kwamba ni ufizi wake uliokosea. Mara ya tano meno yakakaa. Akarudi hivyo hivyo.

Nimepima kila kitu, Baba, siyo paja tu. Ndoa ni Jumamosi tarehe 22 Juni, kwa msajili, saa nne asubuhi. Siombi ruhusa. Nina miaka thelathini na minne, nina kazi, nina vyumba viwili na jiko langu, na jambo hili nimekaa nalo miaka miwili. Ninachoomba ni suti kwa mkono wako, na wewe mwenyewe uwepo.

Vipimo vya kweli viko nyuma ya karatasi hii.

Mwanao,
Bobini


18 Machi

Marahaba, Bobini.

Maji nilikunywa. Yakanipalia.

Mimi nina sitini na moja. Mkwe wangu amenizidi miaka miwili. Sasa akiingia hapa dukani nani atamwamkia nani? Mimi nimpe shikamoo kwa ajili ya umri, au yeye anipe kwa ajili ya ukwe? Tutasimama hapo kama majogoo wawili kwenye kizingiti kimoja, na wateja wanasubiri suruali zao.

Na hayo meno. Watu wenye akili humkagua ng'ombe meno kabla ya kumnunua. Wewe umemtengenezea meno kwanza, ndipo ukamchukua. Uliona nini mle ndani, mwanangu? Najua utaniambia ng'ombe hazeeki maini. Sawa, maini hayazeeki. Magoti je?

Nimetania, sasa nimeacha kutania. Piga hesabu na mimi. Ukifika arobaini na minne, yeye ana sabini na mitatu. Mkijaliwa mtoto mwakani, siku mtoto huyo anaingia darasa la sita, pale nilipotokea mimi, baba yake ana sabini na sita, na wenzake watamwambia, "Babu yako amekuja kukuchukua." Na wewe hapo bado unapanda ngazi mbili mbili.

Sitashona. Kitambaa nimekikunja kiko juu ya kabati. Wala simchukii huyo bwana. Nitamchukiaje, simjui, nimeletewa habari za ufizi wake tu. Lakini mkono wangu hautakata nguo ya ndoa hii.

Baba yako


27 Machi

Baba,

Shikamoo.

Kwa majogoo nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Nilipofika kwenye hesabu nikaacha. Hizo hesabu nilizipiga kabla yako, na nilipiga mpaka miaka usiyotaka kuiandika. Ya mtoto pia tumezungumza, na jibu letu ni letu.

Lakini wewe kuna hesabu moja umeiruka. Mama.

Mama alikuwa rika lako. Mlizaliwa mwaka mmoja, alikuwa akiniambia kila siku, "Mimi na baba yako ni mapacha wa mama tofauti." Ulioa rika lako kama watu wanavyotaka, hakuna aliyekunja uso, hakuna aliyekupigia hesabu. Na bado aliondoka ana miaka arobaini na minane, na wewe umekaa peke yako miaka kumi na mitatu. Huko kulingana kwenu kulikupa dhamana gani? Kama miaka sawa ingekuwa dawa, Mama angekuwa hapo sasa hivi anakunyang'anya kalamu.

Nijibu hilo. Ukinijibu nitakusikiliza. Usiponijibu, shusha kitambaa.

Mwanao,
Bobini


15 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imekaa chini ya pasi siku kumi na tano. Kila nikitaka kupiga pasi naiona, naacha. Wateja wamevaa nguo zilizokunjamana kwa ajili yako.

Mama yako hakuwa rika langu. Alinizidi miaka kumi na mitatu.

Na mimi nimeiacha peke yake, nimejifunza kwako. Kunywa maji.

Duka hili lilikuwa lake. Cherehani ninayoringia ilikuwa yake. Mimi nilifika hapa nina miaka ishirini na miwili, nimefukuzwa karakana ya baiskeli kwa sababu ya mdomo, nikamkuta mwanamke wa miaka thelathini na mitano ametundika utepe shingoni kama nishani. Mwaka mzima alinifundisha kukunja pindo, pindo tupu. Nilikuambia mimi ndiye niliyemfundisha yeye. Uongo. Kola mpaka leo siiwezi kama alivyoiweza. Nilipofika ishirini na sita nikamwambia nataka kumwoa. Akasema, "Maliza kwanza suruali ya watu." Nikaimaliza. Tukaoana.

Wateja wageni walikuwa wakiniuliza, "Kijana, mama yako yupo?" Nami nageuka naita, "Mama, una wageni." Futi ya mbao ilinipata mgongoni kila mara. Alikuwa anacheka. Lakini siku ya kukuandikisha shule, pale pa mwaka wa kuzaliwa wa mama, akaandika mwaka wangu. Akaniambia, "Mtoto asichekwe kwamba mama yake ni bibi." Toka siku hiyo tukawa mapacha. Alipokufa, mchonga jiwe aliniuliza mwaka wa kuzaliwa, nikamwambia aandike jina na siku ya kuondoka, inatosha. Wewe ulikuwa umesimama hapo pembeni yangu, na hukuuliza.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Huo ndio umri wangu wa mwaka huu.

Sasa sikiliza kwa nini nakataa, maana mtu akisoma mpaka hapa atasema mzee huyu hana haya, alilolifanya mwenyewe analikataza kwa mwanawe. Nililifanya. Ndiyo maana ninalijua. Unayakumbuka macho ya mama yako? Tulikuambia ni ugonjwa. Ulikuwa umri tu, umekuja kwa wakati wake, ila wakati wake haukuwa wangu. Mimi nilikuwa na arobaini na minne, jora zima la kitambaa nalibeba bega moja huku napiga mluzi. Kila asubuhi nilitunga uzi kwenye sindano ishirini, nikazichomeka kwenye kijimto chake, ili ashone mchana kutwa bila kuniomba. Zikiisha alikaa tu, mikono mapajani. Nikaongeza zikawa thelathini. Baadaye ikawa nikifunga duka nakuta zimebaki kumi, kumi na tano. Ikafika siku zimebaki zote.

Watu wakaniambia, bado kijana, oa. Wako waliokuja na majina kabisa. Ningeoa kama ningekuwa na hamu ya kuzungumza na mtu mwingine. Mwenzio akitangulia mapema hakuachii uzee, anakuachia ujana usio na kazi. Hicho ndicho ninachokukatalia, siyo mvi za huyo bwana. Nakataa miaka yako ya baada yake, maana mimi nimeshaikaa, naijua mpaka inavyonuka.

Baba yako


24 Aprili

Baba,

Nimesoma mara tatu.

Kila mwaka nimesimama kwenye lile kaburi nikamlilia mwanamke wa miaka arobaini na minane. Ungeniambia nilipokuwa na ishirini na moja. Ungeniambia nilipokuwa na thelathini.

Kwa sasa sina la kuandika.

Bobini


6 Mei

Kwa fundi,

Niliandika "Mpendwa baba," nikakata. Nikaandika "Ndugu yangu," nikakata. Hii ni karatasi ya tatu, na nimeonelea tuitane kwa kazi zetu.

Mimi ndiye mwenye vipimo. Binti yako hajui kwamba nakuandikia. Tangu barua yako ya Aprili hazungumzi sana. Anachonga meno ya watu, anayavunja, anayachonga upya. Habari ya kufutwa kwa mgongo wangu sikuijua mapema. Nilipoijua tulinuniana siku mbili, kwa sababu mgongo huu nimeupata kihalali.

Niseme yaliyo mwilini nisije nikaonekana naficha. Nina presha, nameza dawa kila asubuhi. Goti la kushoto halipendi ngazi, jambo ambalo kwa fundi wa lifti sijui ni aibu au ni bahati. Niliwahi kuoa, mke wangu aliondoka miaka ishirini iliyopita, yu mzima, ameolewa kwingine, na mtoto hatukupata. Hayo ndiyo yaliyoharibika ninayoyajua.

Jumatano tarehe 15 sina zamu. Nitakuja unipime mwenyewe. Ukitaka kunifukuza, naomba unifukuze baada ya kunipima, ili nauli isiende bure.

Fundi wa lifti


18 Mei

Bobini mwanangu,

Hujaniamkia tangu Aprili, na sikulaumu. Lakini nina habari, na ukiisikia kutoka kwa muuza vioo itakuwa imeota pembe.

Amekuja. Jumatano, saa tano, na shati ambalo kola yake imepigwa pasi na adui. Nilikuwa nimejiandaa: nimechagua pini ndefu kuliko zote, nimeondoa kiti cha wageni. Akasimama mlangoni, mimi nikasimama nyuma ya meza. Nikangoja makusudi, nione atafanyaje.

"Shikamoo, baba," akasema.

Nikaweka pini chini. "Bwana wee, umenizidi miaka miwili."

"Kwa miaka nimekuzidi. Lakini mimi ndiye niliyekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Suti."

Nikasikia mtu anacheka nje. Redio ya muuza vioo ilikuwa kimya zamani.

Nikamwambia asimame nimpime. Akajinyoosha kama mtoto anayekaguliwa kucha. Nikamwambia, "Simama unavyosimama ukiwa peke yako." Akashusha pumzi, mgongo ukarudi mahali pake. Kumi na tisa na robo. Kupima ulipima vizuri, nakusifu.

Nikiwa bado nimemzungushia utepe shingoni nikamwuliza, "Utakufa lini?"

"Sijaletewa tarehe. Ila kushuka kwenye mashimo ya lifti nimeacha tangu mwaka jana. Sasa naelekeza wengine, wao wako chini mimi niko juu."

"Na ukifa, binti yangu afanye nini?"

Hakukimbilia kujibu. Hilo nililipenda, na sikupenda kwamba nimelipenda. Akasema, "Kwa ajili ya swali hilo nimemwambia aniache, mara mbili. Mara ya kwanza alinicheka. Mara ya pili alinitupia chapa ya plasta, taya zima la mgonjwa."

"Likakupata?"

"Begani. Hili lililoshuka."

Nikacheka, Mungu anisamehe, nikiwa na pini nne mdomoni.

Nilipomaliza mkono na kiuno nikamweleza ninachotaka, bila utani. Nikamwambia, siku macho yako yatakapofifia au goti litakapogoma kabisa, binti yangu asiache kazi yake akawa muuguzi wako. Tafuteni mtu. Niiteni mimi kama hakuna mtu. Na usimfiche kitu eti usimsumbue. Akasema, "Kwamba sitaugua siwezi kukuahidi. Nikianza kuugua, hatafichwa." Halafu akaniangalia, kwa heshima, lakini aliniangalia. Nikajua umemsimulia habari za mama yako.

Ni mtu mzuri. Nimeandika, usinilazimishe kurudia. Lakini msimamo wangu uko pale pale, tena wema wake ndio umenizidishia mzigo. Mtu mbaya ukimpoteza unapumzika.

Kitambaa nimekishusha. Usianze kufurahi. Nitashona kwa sababu nimeshampima, na mtu akishapimwa na fundi hawezi kuachwa aende uchi. Suti siyo kibali.

Baba yako


29 Mei

Baba,

Shikamoo. Na ile ya Aprili pia, shikamoo.

Kumbe alikuja kwako. Aliniambia anakwenda kutafuta kipuri. Aliporudi nikamwuliza kipuri cha nini, akasema, "Cha familia," akaenda zake. Barua yako ilipofika ndipo nilipoelewa, nikamfuata kwake nikamgombeza, kisha nikamtengenezea chai.

Hasira nilikuwa nazo, sikufichi. Wiki nne nzima. Halafu hasira zikaanza kunipa nafasi, nikaanza kumfikiria huyu Mama mpya uliyeniletea. Mwanamke mwenye duka lake, anayemwambia kijana amalize kwanza suruali ya watu. Yule wa zamani nilikuwa namlilia kwa kuwa hakuwahi kuzeeka. Kumbe alizeeka, tena alizeekea mle ndani, mbele yangu, akitungiwa nyuzi kila asubuhi, na mimi naingia natoka na mkoba wa shule nikidhani ni maradhi.

Baba, umeniandikia mengi kuhusu miaka kumi na mitatu ya baada yake. Ya kabla ilikuwa ishirini na miwili. Hiyo hukuniandikia ila ile futi ya mbao.

Nina maswali mawili, na mimi. La kwanza: ulipomwambia Babu kwamba unamwoa, alisemaje? La pili: ungejua mapema kwamba siku moja sindano zitabaki zote, ungeimaliza ile suruali?

Tarehe 22 saa nne nitakuwa kwa msajili. Hilo halibadiliki, uje usije. Lakini usifikiri kwa kuwa halibadiliki basi kwangu ni mamoja. Nitakuwa nauangalia mlango.

Mwanao,
Bobini


10 Juni

Marahaba, Bobini. Na ya Aprili, marahaba.

Suti imekwisha. Nimeipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, mara mbili kabla ya kuishona, kazi ambayo siku hizi siifanyi hata kwa wakubwa wa serikali. Mgongo nimeuachia urefu wake wote. Begani sikutia pamba ya kulidanganya lile lililoshuka. Nimelikata koti lishuke nalo. Akiivaa ataonekana ni mtu wa miaka sitini na mitatu aliyeshonewa vizuri, basi.

Maswali yako. Nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Ningeimaliza. Ningeimaliza mapema zaidi. Niliizungusha siku tatu kwa woga, na hizo siku tatu nazidai mpaka leo.

La kwanza. Babu yako alikuwa mjenzi wa matanuri ya waoka mikate, mtu wa maneno machache, mavumbi ya matofali mpaka kwenye nyusi. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi anavua viatu, nikamwambia. Akabaki na kiatu kimoja mkononi. Akasema, "Atazeeka kabla yako. Utamwuguza, utamzika, utabaki ungali na nguvu, na mimi sitakuwepo kukuona." Akavaa kile kiatu tena, akatoka. Siku ya ndoa hakuja. Tulimngoja mpaka karani akaanza kuitazama saa ya ukutani, kisha akatutazama sisi, kisha saa.

Yote aliyoyasema yametokea. Nimeyarudia moja moja miaka hii, nikitafuta alipokosea. Mzee yule hakukosea hata robo inchi. Na miaka thelathini na mitano imepita, mwanangu, sijawahi hata siku moja kumshukuru kwa kuwa alisema kweli. Ninachokumbuka ni kiti tulichomwekea. Mama yako alikiwekea mkoba wake, ili kisionekane kwamba hakina mtu.

Kwa hiyo sikubali. Naliandika tena lisije likapotea njiani: sikubali, nadhani nasema kweli, na nadhani iko siku utakaa mahali ukasema baba alisema. Siku hiyo mimi sitakuwepo kukuona, na wala sitaki kuwepo.

Nakuja na basi la Ijumaa asubuhi, alasiri nitakuwa nimefika. Suti nitaipakata mwenyewe, siwapi wale wapakiaji wa juu. Nitalala kwako. Huyo bwana aje jioni aijaribu. Pakihitaji kurekebishwa nitarekebisha, na asinyooke.

Jumamosi nitakaa mbele kabisa, pale karani anaponiona. Akiuliza kama yupo mwenye pingamizi, usinigeukie. Wewe mtazame mwenzio, ujibu unachoulizwa. Nitakuwa nimekunja uso, hilo siwezi kulizuia, na watu wataona. Lakini nitakuwa nimekaa.

Baba yako